Kabla Hujamaliza Safari, Lipa Madeni ya Mezani

Jumamosi ya mwisho tulicheza mchezo wetu wa kusimulia hadithi hadi saa nne usiku, kwenye sebule ileile ya Migosi, mtaa wa Kisumu, tulikoanzia mwaka 2018. Joka lilikuwa limeshakufa wiki mbili kabla. Kilichobaki ni kila mtu kusema mhusika wake anaelekea wapi, na kwa muda mrefu hakuna aliyetaka kutangulia. Mmoja wetu, mwalimu, alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya daftari lake. Mwishowe akasema wa kwake anarudi nyumbani kufuga nyuki. Machozi yakanitoka papo hapo.

Vijana wawili wanaoongoza meza zao hapa Kisumu wameniuliza namna ya kumaliza mchezo kama huu. Kuanza wanajua. Kumaliza ndiko kunakowatia hofu, na wana haki, kwa sababu michezo mingi ya aina hii haimalizwi. Hufifia tu: huyu kahamia Nairobi, yule kaoa, mwishowe kundi la WhatsApp linabaki la kutakiana heri za Krismasi.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja anasimulia dunia, kwetu ni mimi, na wengine kila mmoja anabeba mhusika wake. Ukitaka kufanya jambo gumu, unarusha dadu ya pande 20, unaongeza uwezo wa mhusika wako, na jumla ikifika kiwango kilichowekwa umefaulu. Kanuni za msingi zipo bure mtandaoni tangu 2014, na ndizo tulizotumia. Wenzetu kwingine huita mfululizo mrefu wa vikao kampeni. Sisi tuliliacha neno hilo, maana hapa kwetu kampeni ni ya wanasiasa na magari ya vipaza sauti. Tuliita safari.

Nikitazama nyuma, naona kwamba kumaliza vizuri ni kulipa madeni. Kila mchezaji unamdai na anakudai. Mengine mliyaandika, mengine hakuna aliyeyasema, na yote yanakaa mezani yakisubiri.

Deni langu kubwa lilihusu kikaratasi. Mwanzoni hatukuwa na dadu ya pande 20, kwa hiyo tulikata vikaratasi 20, tukaviandika nambari, tukavitia kwenye kikombe cha bati. Unachomoa, unasoma, unarudisha, unatikisa. Wakati fulani zikapita Jumamosi tatu bila mtu kupata 20. Mwalimu, ambaye anafundisha hesabu, alikuwa akiandika kila tulichochomoa. Akatuambia tumeshachomoa mara 120, nafasi ya kupata 20 ni asilimia 5 kila mara, na kwamba kuikosa mara zote hizo kunaweza kutokea takriban mara mbili katika elfu. Akamwaga kikombe mezani, akahesabu. Vilikuwa 19. Cha ishirini tulikikuta kimenata kwa chai nyuma ya jalada la daftari langu.

Shida ni kwamba katika wiki hizo tatu, mhusika wa shemeji yangu, mganga, alikuwa ameuawa. Alikuwa amebakiwa na nafasi moja ya kuchomoa ili ajiokoe, ambayo ingefaulu kwa 20 peke yake.

"Shemeji, nilikuwa na haki ya kikaratasi kile," aliniambia kwa upole.

Nilimjibu kwamba yaliyopita yamepita, hadithi haiwezi kurudi nyuma. Nililinda hadithi nikamwacha mtu. Hakugombana nami. Aliacha tu kuja, na kiti chake kikakaa wazi zaidi ya mwaka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama una muda wa kusoma mmoja tu basi soma huu: miezi mitatu kabla ya mwisho, mwendee kila mchezaji peke yake, hata aliyeacha. Muulize ni jambo gani linamkereketa bado. Mimi nilikwenda kwa shemeji nikamwomba radhi kwanza, kabla ya kutaja mchezo. Mganga wake alirudi kama sauti iliyowaelekeza wenzake njia ndani ya pango, na katika vita vya mwisho nikampa nafasi yake airudie. Alichomoa 11. Alicheka sana. Alichotaka ni kuchomoa tu.

La pili: soma daftari lako tangu ukurasa wa kwanza. Mimi nilikuwa nimejenga dunia yangu juu ya hadithi ya Simbi Nyaima, lile ziwa karibu na Kendu Bay, ambapo kijiji kilizama baada ya kumfukuza bibi kizee aliyeomba hifadhi usiku wa sherehe. Kwenye kikao cha kwanza kabisa niliwaletea bibi kizee kando ya moto, na mwalimu akampa blanketi lake. Nikaandika mstari mmoja, nikausahau. Miaka sita baadaye yule bibi alitokea mlangoni mwa pango akiwa amejifunika blanketi lilelile. Sikuhitaji kueleza kitu. Binamu yangu alipiga meza kwa kiganja, chai ikamwagika.

Tarehe ya mwisho itangaze mapema na usiisogeze. Na kanuni yetu ya wachezaji watatu, kwamba wakifika watatu tunacheza, ndiyo iliyotufikisha. Kumsubiri kila mtu ni kuizika safari ikiwa hai. Hata Juni 2021, serikali ilipoweka kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri katika kaunti 13 za huku kwetu, Kisumu ikiwemo, tuliendelea kwa ujumbe wa sauti, watatu watatu. Vikao vile vilikuwa duni, nakiri, lakini vilishika siku.

Na hiyo siku, usiiachilie mara moja mchezo ukiisha. Wala usikimbilie kuanza safari mpya. Watu bado wana msiba. Jumamosi iliyofuata nilijikuta nimeshuka stejini Migosi saa nane mchana, mkoba ukiwa mtupu. Watatu walikuwa wameshafika. Shemeji akauliza kikombe kiko wapi, nikamwambia kiko kabatini.

"Kiache huko," akasema, akanisogezea kiti.

Tukabaki kuulizana kama nyuki wa mwalimu watapata maua ya kutosha kule alikowapeleka, hadi giza likaingia.