Daktari anasema nilisaini

SWALI: Miezi minne iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kukaza tumbo baada ya kuzaa mara tatu. Aliyenieleza kila kitu ni dada wa mapokezi. Alinionyesha picha za kabla na baada, akasema kovu litakuwa "kamstari tu, chupi inakafunika." Fomu niliisaini asubuhi ya upasuaji, nikiwa kitandani na gauni. Sasa kovu linatoka nyonga hadi nyonga, jekundu, limenyanyuka, na chini ya kitovu nina ganzi. Daktari anasema nilisaini, na anataka kulirekebisha mwezi ujao. Je, kosa ni langu?
Mama wa watatu

JIBU: Si lako, mama.

Nilifanya kazi ya uuguzi katika chumba cha upasuaji miaka 19. Fomu kama hiyo nimewapa wagonjwa wengi, wengine wakitetemeka, na sikumbuki aliyefika ukurasa wa pili. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Mtu ameshalipa, amefunga tangu usiku, ameaga wanawe. Atapata wapi ujasiri wa kusema ngojeni kwanza?

Kovu la nyonga hadi nyonga ndilo kovu la kawaida la upasuaji huo, maana ngozi inayoondolewa ni pana. Ganzi nayo inajulikana: ngozi ikiinuliwa kutoka kwenye misuli, mishipa midogo ya fahamu hukatika. Wengi hisia huwarudia polepole, ila pengine hubaki eneo lisilohisi kabisa. (Usijikande tumbo kwa chupa ya maji moto. Ngozi yenye ganzi huungua mwenyewe asijue.) Yote haya daktari wako aliyajua kabla hajashika kisu, akaacha uambiwe habari ya kamstari.

Mwaka 1992 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kesi ya Maree Whitaker, ambaye jicho lake la kulia lilikuwa karibu halioni tangu utotoni. Alikubali lipasuliwe ili lipendeze, na huenda likaona. Alimwuliza daktari maswali mengi kuhusu madhara. Kulikuwa na hatari ya takriban 1 kati ya 14,000 kwamba jicho la kushoto, lililo zima, nalo lingedhurika, hakuambiwa. Likadhurika, akabaki karibu kipofu. Upasuaji aliukubali, na bado mahakama ilimpa ushindi, kwa kuwa hatari ambayo mtu wa hali yake angeipa uzito ilipasa atajiwe. Na Uingereza, tangu 2016, Baraza la Madaktari linamtaka anayefanya upasuaji wa urembo azungumze na mgonjwa yeye mwenyewe kutafuta ridhaa, wala asimharakishe.

Kuhusu mwezi ujao, nakusihi usikubali. Kovu la miezi minne bado changa. Huchukua mwaka hivi kutulia. Kama wewe ni mtu wa makovu yanayovimba na kutambaa, kulikata tena kunaweza kuleta kubwa zaidi. Je, alikuuliza hata hilo?

Omba kwa maandishi nakala ya faili lako lote, pamoja na fomu na picha, ulipeleke kwa daktari bingwa mwingine asiyefanya kazi naye. Ukirudi kwa wa kwanza, nenda na mtu wa kuandika majibu. Mwambie akuonyeshe makovu mabaya aliyowahi kuacha, pamoja na yale mazuri. Kisha niandikie alivyojibu.