MGB na joto la Mwanza: kabla hujanunua pampu mpya

Kama ndiyo kwanza umepata MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, au gari lolote la michezo la zamani lenye kabureta, na unaishi Mwanza, hili litakukuta mapema. Gari limetoka Igoma hadi mjini linavuta vizuri, umezima kwenye foleni ya kivuko pale Kamanga, unapiga stata dakika ishirini baadaye, linakohoa na kugoma. Watu wanajaa. Kila mmoja ana jibu lake, na wengi watakwambia ni pampu. Usitoe hela bado.

Joto la Mwanza lenyewe si la kutisha, mchana mwingi ni nyuzi 27 hadi 30. Tabu iko chini ya boneti. Kwenye injini hii ya cc 1798, kabureta mbili za SU (chapa ya Kiingereza ya kabureta na pampu za mafuta) zimekaa upande mmoja na manifoldi ya eksozi, yaani chuma kinachokusanya moshi wa injini, tena juu yake. Gari likitembea, hewa inapita na petroli inayoingia inazipoza. Ukizima, feni inasimama, maji hayazunguki, na kile chuma kinaendelea kutupa joto juu. Kwa hiyo kabureta hufikia joto lake kali baada ya kuzima. Ndiyo maana ukisimama dakika tatu kununua vocha linawaka, ukikaa dakika ishirini linagoma, ukimaliza chakula cha mchana linawaka tena bila fundi kuligusa. Ongeza na mwinuko: ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa umepungua, na petroli huchemka mapema kidogo kuliko ingekuwa Tanga.

Anza na masikio. Fungua swichi bila kupiga stata, usikilize huku nyuma, karibu na gurudumu la kulia. Pampu ya SU hugonga tik-tik-tik inaposukuma, na hunyamaza bakuli za kabureta, vile vyumba vidogo vinavyotunza petroli, zikijaa. Ikigonga mara chache ikatulia, mafuta yapo. Basi uwezekano mkubwa petroli imechemka ndani ya bakuli, ikamwagika kwenye manifoldi ya kuingizia hewa na petroli, na plagi zimelowa. Utainusa kabla hujaiona. Kanyaga akseleta hadi chini, ishikilie hapo, kisha piga stata. Choki usiiguse. Na acha kupampu pedali: SU haina pampu ya akseleta, kwa hiyo unachosha mguu tu.

Ikigonga mfululizo bila kutulia, petroli haifiki. Angalia tangi kwanza (ndiyo, geji za magari haya hudanganya), halafu mipira iliyochanika inayovuta hewa, ndipo ufikirie mvuke kwenye bomba. Kwenye MGB pampu iko nyuma na inasukuma, hivyo mvuke hauzibi bomba kirahisi kama kwenye magari ambayo pampu iko kwenye injini na inavuta mafuta kutoka mbali.

Kimya kabisa kina maana mbili: bakuli zimejaa tangu mwanzo, au pampu imelala. Subiri injini ipoe, chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, fungua swichi. Isipotoa kitu, igonge pampu taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikiamka, platini zake zimechoka, na hapo sasa waliosema pampu walikuwa sahihi.

Kama petroli ipo na plagi ni kavu, tazama moto wa plagi, yaani cheche. Kondensa, kile kikopo kidogo cha umeme kwenye distributa, ikichoka hufa ikipata joto na kufufuka ikipoa, na imewafanya watu wengi wafungue kabureta zisizo na kosa.

Dawa ya kudumu mara nyingi ni kurudisha vitu vilivyotupwa. Kati ya kabureta na manifoldi ya kuingizia panatakiwa bati la kukinga joto, vipande vya kuzuia joto na gasketi zake. Mafundi wengi hulitoa lile bati kwa sababu linasumbua wakati wa kufunga, kisha gari linauzwa bila hilo. Bati la zamani likiwa na kitambaa cha kijivu upande wa eksozi, usikikwangue kikavu, kinaweza kuwa asbesto. Hakikisha pia taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, haijarudishwa nyuma, maana ikichelewa manifoldi ya eksozi huwa ya moto zaidi.

Ukilazimika kubadilisha pampu, soma presha yake. SU hizi zinataka kama paundi 3 kwa inchi ya mraba. Pampu nyingi za bei rahisi husukuma 4 hadi 7, zinaishinda sindano ya boya inayofunga petroli bakuli likijaa, na petroli inamwagika juu ya eksozi ya moto. Hapo tatizo la kuwaka limegeuka kuwa hatari ya kuungua.

Ukikwama foleni, fungua boneti, geuza pua upande wa upepo wa ziwani, weka kitambaa chenye maji juu ya bakuli za kabureta. Maji yasimwagikie manifoldi ya eksozi, ni chuma cha kalibu (cast iron), kikipozwa ghafla hupasuka. Vibanio vya nguo kwenye bomba la mafuta, eti kuzuia mvuke, nimeviona mara nyingi. Sijaona gari lililopona kwa vibanio hivyo. Mtungi wa kuzimia moto uwe mahali mkono unapofika ukiwa umekaa, usiufungie kwenye buti chini ya mizigo.