Maswali na majibu: mlisho wa tovuti yako una kazi gani?

Mwezi uliopita niligusia milisho ya wavuti kwa sentensi mbili tu, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza mzinga. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha, majina nimeyaacha.

Nina blogu ya mapishi. Kijana mmoja kaniambia "tumia mlisho". Ndiyo nini hicho? Na mbona wasomaji wangu wote wako WhatsApp? (Morogoro)

Huenda unao tayari, ila hujawahi kuuona. Fungua kivinjari, andika anwani ya blogu yako, na mwishoni ongeza /feed/ kama unatumia WordPress, au /feeds/posts/default kama uko Blogger. Utatokea ukurasa wa ajabu, umejaa alama kama maandishi ya mganga. Usishtuke, haukuandikwa uusome wewe. Ni orodha ya makala zako za karibuni, na WordPress huweka 10 usipobadilisha. Kila makala ina kichwa, kiungo, tarehe, na maandishi yenyewe au muhtasari wake. Msomaji huwa na programu iitwayo kisomaji cha milisho, kwa mfano Feedly, Inoreader au NetNewsWire. Programu hiyo hupita kwako kila baada ya muda kupiga hodi: kuna jipya? Likiwepo, inambebea.

Kwenye kundi la WhatsApp pilau lako linagombea nafasi na michango ya harusi, taarifa za msiba na video ya mbuzi anayecheza singeli. Kwenye kisomaji, aliyekufuata analikuta limekaa pale pale hata akirudi baada ya wiki mbili. Tena hakukupa namba yake wala barua pepe yake. Akikuchoka anakutoa kimya kimya, hakuna kundi zima kuona kwamba fulani amejitoa.

Watu wako wa WhatsApp baki nao, wala sikwambii uwahamishe. Chukulia mlisho kama bomba la uani: ukishakuwepo, unachota kupeleka barua pepe, Telegram, au popote wasomaji walipo, bila kunakili na kubandika kila asubuhi.

RSS si ilikufa pamoja na Google Reader? Nisipoteze muda. (Arusha)

Google Reader, kisomaji cha milisho cha Google, ilizimwa tarehe 1 Julai 2013, na kweli wengi wetu tulizika na RSS, yaani mfumo wa kuandikia milisho, siku hiyo hiyo. Desemba 2018 Firefox nayo, katika toleo la 64, ikaondoa sehemu yake ya kusomea milisho. Ile alama ya milisho ya rangi ya chungwa ukawa huioni tena kirahisi.

Lakini karibu kila anayesikiliza podikasti anatumia RSS, ajue asijue. Mfumo huu ulianzia kampuni ya Netscape mwaka 1999. Desemba 2000 ukaongezewa namna ya kuambatisha faili la sauti, mwaka 2002 likatoka toleo la 2.0, na Juni 2005 Apple ikaingiza podikasti kwenye iTunes kwa kutumia mfumo huo huo. Mwaka huo wa 2005 ulipitishwa pia mfumo wa pili, Atom. Usiumize kichwa uchague upi. Visomaji vya leo vinasoma yote miwili. Kilichopotea ni watu kulijua jina. Kazi inaendelea.

Nitoe makala nzima kwenye mlisho au muhtasari tu? Kuna jamaa wananiibia habari kila siku. (Dodoma)

Swali hili limeletwa na wengi kuliko yote, na msimamo wangu haujabadilika kwa miaka: toa makala nzima. Najua mtapinga.

Hoja ya wizi naielewa. Kuna tovuti zilizotengenezwa maalumu kufyonza milisho ya wenzao, makala inatoka kwako saa tatu, saa tatu na robo iko kwao na matangazo yamezungushwa pembeni. Ila mwizi wa aina hiyo hahitaji mlisho. Programu ya kunyonya kurasa zenyewe ni rahisi kupata. Ukikata makala kuwa mistari mitatu unamkomoa msomaji mwaminifu, na mwizi anazunguka mlango wa nyuma.

Mfikirie huyo msomaji. Yuko kwenye daladala kutoka Mbagala, bando limebaki kidogo, mtandao unakata. Kisomaji chake kimeshapakua makala zako asubuhi akiwa na Wi-Fi. Ukimpa nzima, anaisoma pale pale. Ukimpa muhtasari unaoishia na "endelea kusoma", abonyeze kiungo, asubiri ukurasa wenye picha nane na dirisha la kuomba kuki, atakuacha. Mimi mwenyewe nimeshaacha tovuti kadhaa nilizozipenda kwa sababu hiyo tu.

Asiyepaswa kunisikiliza ni yule ambaye mishahara ya wafanyakazi wake inatoka kwenye matangazo ya ukurasani. Huyo atoe aya mbili tatu zilizoshiba, zenye habari ndani yake, siyo sentensi iliyokatwa katikati ya neno.

Na kwa ajili ya mwizi, weka mstari mwishoni mwa kila makala ndani ya mlisho: "Makala hii ilitoka kwanza kwenye tovuti fulani", na jina liwe kiungo cha kurudi kwako. Ziko programu-jalizi za WordPress zinazoongeza mstari huo zenyewe. Wafyonzaji wengi hawasomi wanachoiba, kwa hiyo wanauchapisha pamoja na kiungo. Viungo vya ndani ya makala navyo viandike kwa anwani kamili, maana vikibebwa kwenda kwingine bila jina la tovuti yako havifiki popote.

Mlisho wangu umegoma. Visomaji vinasema kuna kosa, lakini tovuti yenyewe inafunguka vizuri tu. (Kisumu)

Uliniambia ni tovuti ya duka la nguo za watoto, na kwamba mlisho unaandikwa na programu ndogo aliyokutengenezea rafiki yako. Basi nikaufungua. Makala ya tatu kutoka juu kichwa chake ni "Mama & Mwana: sare za sikukuu". Hapo ndipo kitumbua kilipoingia mchanga.

Mlisho umeandikwa kwa XML, lugha ya alama za kusomwa na mashine, na XML haina msamaha. Ukurasa wa kawaida ukiwa na kosa, kivinjari hubahatisha na kuendelea. XML ikikuta kosa moja, yote inakataliwa. Alama & ndani ya XML ni mwanzo wa msimbo, hivyo ikisimama peke yake kisomaji kinasubiri msimbo usiokuja, kisha kinakata tamaa na kutupa orodha nzima, pamoja na makala nyingine zisizo na kosa. Inatakiwa iandikwe & yaani alama yenyewe, ikifuatiwa na herufi a, m, p na nukta-mkato. Mwambie rafiki yako programu ifanye ubadilishaji huo yenyewe. La sivyo, andika "Mama na Mwana". Kiswahili hakijaishiwa.

Wa WordPress wenye tatizo kama hili, chenu mara nyingi ni kingine: mstari mmoja mtupu. Mtu amehariri faili la functions.php la kiolezo chake, akaacha mstari wazi juu kabisa kabla ya msimbo kuanza. Ukurasa wa tovuti haudhuriki, ila kwenye mlisho ule mstari unatangulia tamko la XML, ambalo lazima liwe kitu cha kwanza kabisa. W3C, shirika la viwango vya wavuti, wana chombo cha bure cha kukagua milisho, validator.w3.org/feed. Unabandika anwani, kinakuonyesha mstari wenye kosa kwa namba. Anzeni hapo kabla hamjaniandikia.

Nataka kila makala mpya iende yenyewe kwenye barua pepe na chaneli yetu ya Telegram. Inawezekana? (Zanzibar)

Inawezekana, na ndiyo faida kubwa ya mlisho kwa anayetafuta soko. Huduma za barua pepe kama Mailchimp zina aina ya kampeni inayosoma mlisho wako kwa siku na saa uliyopanga, ikikuta jipya inalituma kwa waliojisajili. Telegram wapo roboti wa kazi hiyo. Zapier na IFTTT nazo huunganisha mlisho na huduma chungu nzima.

Ila nikupe kisa changu. Siku moja nilihamisha tovuti yangu kutoka http kwenda https. Nikatumia amri ya tafuta-na-badilisha kwenye hifadhidata nzima, nikaenda kulala najipongeza. Saa kumi na moja alfajiri roboti wetu wa Telegram akamwaga makala kumi za zamani mfululizo kwenye chaneli. Mojawapo ilikuwa tangazo la miezi miwili nyuma: "Semina ya kesho imeahirishwa". Na sisi kesho yake tulikuwa na semina nyingine! Nusu ya watu hawakutokea.

Kosa lilikuwa langu. Kila makala kwenye mlisho ina kitambulisho kiitwacho guid. Kinafanana na kiungo, lakini kazi yake ni kama namba ya NIDA: haibadiliki hata ukihama nyumba. Mimi nilibadilisha hadi hicho, roboti akaona sura kumi asizozijua, akazitangaza. Kwa hiyo ukihama anwani, badilisha viungo vyote, guid usiguse.

Jingine dogo: angalia saa za eneo kwenye mipangilio. Afrika Mashariki ni +0300. Ikibaki sifuri, saa za makala zako zitasomeka nyuma kwa saa tatu, na ratiba ya kutuma itakuchanganya.

Nauza vitenge na mitumba mtandaoni. Mlisho wa blogu utanisaidia kuuza? (Kariakoo)

Wa blogu, kidogo. Wewe unahitaji mlisho wa bidhaa, ndugu yake wa karibu. Kila mstari ni bidhaa badala ya makala: kitambulisho, jina, maelezo, bei, picha, kiungo, na kama ipo au imeisha. Katalogi ya Meta, inayolisha matangazo ya Facebook na Instagram, huupokea kama XML ya RSS, au kama jedwali la kawaida la CSV, hata Google Sheets. Unapanga lini uje kusomwa, kila saa, kila siku au kila wiki. Google Merchant Center nayo hufanya kazi kwa mtindo huo.

Wafanyabiashara wetu hukwama kwenye bei. Tumezoea 45,000/= na mashine haielewi. Andika 45000 TZS, tarakimu kisha msimbo wa sarafu. La pili ni hali ya bidhaa. Kitenge ni kipya, mtumba umetumika, na sehemu hiyo lazima ijazwe kwa ukweli, hata kama ule mtumba bado una lebo ya dukani. La tatu linauma zaidi: gauni la mtumba liko moja tu duniani. Likiuzwa asubuhi na mlisho wako unasomwa kwa wiki, unalipia tangazo la gauni ambalo tayari limekwenda harusini. Mitumba isomwe kila saa, vitenge hata mara moja kwa siku vinatosha.

Tuna podikasti, tunataka kuhama kampuni inayohifadhi faili zetu. Tutapoteza wasikilizaji? (Mombasa)

Mkihama kistaarabu, hapana. Iombeni kampuni ya zamani ielekeze anwani ya mlisho wa zamani kwenda mpya kwa alama ya 301, ambayo maana yake ni "nimehama moja kwa moja". Kwenye mlisho mpya wekeni pia lebo ya itunes:new-feed-url, inayotaja anwani mpya. Guid za vipindi zibaki zilezile (mmeshasikia kisa changu). Msifunge akaunti ya zamani siku hiyo hiyo, iacheni hai angalau wiki nne ili programu za wasikilizaji zipate kupita na kuona kibao cha kuhama.

Na safari hii anwani ya mlisho iwe chini ya jina la tovuti yenu wenyewe, iwaelekeze watu huko faili zinakokaa. Siku mkihama tena, mtabadilisha maelekezo na wasikilizaji hata hawatajua.

Nitajuaje wangapi wananifuata kwa mlisho? (Mwanza)

Kwa usahihi, hutajua. Kwa kukadiria, omba rekodi za seva yako na utafute neno "subscribers". Huduma kama Feedly hutuma kifaa kimoja kuchukua mlisho kwa niaba ya wasomaji wao wote, na hujitambulisha kwa kutaja idadi yao, tuseme "16 subscribers". Jumlisha hizo. Wanaotumia programu za kwenye simu zao wenyewe hawamo kwenye hesabu hiyo. Mteja wa matangazo akikulazimisha namba moja kamili, mpe ya waliobonyeza viungo vilivyowekewa utm_source (alama mwishoni mwa kiungo inayoonyesha msomaji katokea wapi), hiyo unaweza kuitetea.

Mimi sichapishi, nasoma tu. Nafuata chaneli za taarabu YouTube lakini kila nikifungua napotezwa na video nyingine. (Muscat)

Kila chaneli ya YouTube ina mlisho wake. Tafuta kitambulisho cha chaneli, kile kirefu kinachoanza na UC, kiweke mwishoni mwa anwani hii: youtube.com/feeds/videos.xml?channel_id= kisha bandika yote kwenye kisomaji chako. Zitakuja video za chaneli hiyo tu, mpya juu, bila pendekezo hata moja. Visomaji vingi hata vinakubali ubandike anwani ya kawaida ya chaneli, vinatafuta mlisho vyenyewe, kwa hiyo jaribu njia hiyo kwanza.