Kesi ya zamani na kazi ya ustawi wa jamii

Ndugu, umeuliza kama hukumu ya wizi na kupigana uliyopata ukiwa na miaka 19 imekufungia mlango wa ustawi wa jamii. Haijaufunga. Kinachowafungia wengi ni kuficha.

Makosa dhidi ya watoto au ya kingono, hapo sikupi matumaini. Lakini kesi kama yako huangaliwa moja moja: ulikuwa na umri gani, miaka mingapi imepita, lilikuwa kosa moja au mazoea, na umefanya nini tangu hapo. Ujue pia kwamba kazi za watoto na watu wanaohitaji ulinzi huwa na ukaguzi wa ndani zaidi, kwa hiyo hata hukumu unayodhani imeshafutika inaweza kuibuka.

Kabla ya kulipa ada, kiulize chuo na pia bodi inayosajili maafisa wa ustawi wa jamii, kama ipo nchini kwako. Ni milango miwili tofauti, na kuna wa tatu watu huusahau: mafunzo kwa vitendo. Chuo kinaweza kukupokea, halafu shirika la kukupokea kwa mafunzo likakukataa, na bila mafunzo hayo huhitimu.

Kwenye maelezo ya kesi utakayowapa hao wote usiandike "nilipotoshwa na marafiki". Wameshayasoma mara elfu. Andika "niliiba, nikahukumiwa, nikatumikia adhabu", kisha taja ulichofanya baadaye, na mtu aliyekusimamia kazini au kwenye kujitolea athibitishe kwa barua.