Mafuta sawa, ila kwanza ipande

Mmeuliza wiki hii, kati ya pikipiki ya cc 100, 125 na 150 ipi inabana mafuta. Najua watu wa Dar na Dodoma watawajibu 100 chap bila kufikiria, kwao mlima ni tuta la barabarani. Sisi wa Lushoto huku milimani tunaanza na jingine, itapanda?

Pale Mombo, chini ya mlima, ubishi huu ulikuwa hauishi kijiweni, mpaka jamaa wawili wakasema leo tunaumaliza. Mmoja ana 100, mwenzake 150 (ambayo ukisoma karatasi za pikipiki ya Boxer ni cc 144 na ushee, lakini nani ana muda wa kutamka hivyo). Kila mmoja mfuko wa mbolea kilo 50 na abiria mmoja, mi nikapakiwa kwenye 100. Wakajaza tanki sheli mpaka mdomoni, safari ya Soni, katikati ya njia ya kwenda Lushoto, ikaanza. Wenyeji mnaijua ile barabara, Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 30 na kitu tu ila unapanda karibu mita 1,000 kwenda juu, kona juu ya kona. Basi 100 ikaingia gia namba mbili ikagoma kutoka, akitia tatu inakohoa, resi imevutwa mpaka mwisho, joto la injini nalisikia kwenye suruali. Kufika kona moja dereva ananiambia kaka shuka kidogo utembee hapa, nikashuka, natembea pembeni ya pikipiki niliyolipia nauli! Wa 150 tulimkuta Soni anamalizia chai. Wakajaza tena kwa chupa za lita moja, watu wamejaa wanachungulia: 100 ikabakiza vidole viwili kwenye chupa, 150 ikabakiza vinne. Kelele zilizopigwa pale we acha tu.

Na sio uchawi, injini ndogo ikilemewa unaifungulia resi yote, kabureta inamwaga mafuta, inazunguka sana na mwendo haupo. Ringi na pistoni nazo zinaisha mapema, hiyo hela hakuna anayeihesabu kama mafuta.

Ila niwe mkweli, yule yule wa 100 akipiga njia ya Korogwe, tambarare, abiria mmoja, alikuwa anapita sheli mara chache kuliko wote kijiweni, inanusa tu mafuta. Na wanunuzi wengi hawabebi mbolea jamani, ni mwalimu anaenda shule na kurudi peke yake. Hata dereva wa mkataba, anayempelekea mwenye pikipiki hesabu mpaka iwe yake, hesabu ya bosi haipungui na mafuta yanatoka mfukoni kwake, huyo akiishi chini huko siwezi kumwambia achukue 150 eti kwa sababu mi nilitembezwa kona moja.

Kwa hiyo wa Dar wako sahihi, kwao. Mi huku juu ningechukua 125, na kama kazi ni mizigo ya Lukozi, huko huko milimani, kila siku basi 150 tu. Mkinunua ya mtumba kutoka huku msisahau kuangalia spoketi ya nyuma (ile gia ya mnyororo kwenye gurudumu), wengi wameweka kubwa ili ipande, inavuta kweli lakini kwenye lami inapiga kelele tu haikimbii, na hapo hata hiyo 100 yenu inakunywa.