Usinunue kadi ya pili ya grafiki kabla hujarenda chumba chako kizito hadi mwisho

Usiende Kariakoo kesho, mdogo wangu, na kama fedha za kikoba umekwisha kuzipokea, ziache zilale kwenye simu. Umeandika kwamba unachora sebule na vyumba vya hoteli kwa programu ya SketchUp, kwamba kadi yako ya grafiki, kile kifaa cha kompyuta kinachokokotoa picha, ina kumbukumbu ya GB 8, kwamba umeshindwa kuchagua programu ya kurenda, yaani ya kugeuza mchoro uwe picha inayofanana na chumba halisi, kati ya V-Ray, Enscape, D5 na Blender, na kwamba fundi mmoja amekushauri uongeze kadi ya pili ya aina ileile ili upate GB 16, na hapo programu yoyote utakayochagua ikubali. Sentensi hiyo ya GB 16 nimeisoma mara tatu, kwa sababu ndiyo niliyouziwa mimi mwaka 2022, na iliniondolea zaidi ya shilingi milioni 4 pamoja na mteja.

Nane na nane hapa haziwi kumi na sita. Kadi mbili zinaporenda picha moja, kila kadi hubeba nakala yake kamili ya chumba kizima, kuta, samani, mapazia na zulia, kisha zinagawana kazi ya kukokotoa mwanga. Utapata kasi zaidi, lakini chumba kisichoingia kwenye kadi ya kwanza hakitaingia kwenye ya pili. Zipo kadi chache za kampuni ya NVIDIA, kama RTX 3090, zenye kiunganishi cha NVLink kinachoziwezesha baadhi ya programu kuchanganya kumbukumbu za kadi mbili, lakini hata RTX 4090 iliyofuata haina kiunganishi hicho. Kumbukumbu ya kadi imechomelewa kiwandani, kwa hiyo huwezi kuiongeza kama unavyoongeza RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta yenyewe.

Kazi yangu ilikuwa nyumba ya wageni Mji Mkongwe, Zanzibar, vyumba sita, picha zikabidhiwe Ijumaa. Chumba kikubwa kilikuwa na samadari ya kuchonga, chandarua cheupe kilichoshushwa pande zote, mlango wa nakshi, boriti darini, zulia la manyoya na kabati lenye kioo. Kabla ya hapo nilikuwa nimemfuata mwalimu mmoja wa video aliyesifia programu inayorenda kwa kadi pekee. Alitoa faili la mazoezi, nami nikalijaribu: chumba cheupe, sofa moja, dirisha moja, na picha ikakamilika kwa dakika nne. Siku hiyohiyo nililipia leseni ya mwaka mzima. Hapo ndipo nilipokosea, maana nilijaribu programu kwa chumba cha mtu mwingine, na chumba chenyewe kilikuwa kitupu.

Chumba cha Zanzibar kilipofika zamu yake, programu iliganda, ikatoa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi imejaa, kisha ikajifunga. Nilidhani faili limeharibika, kwa sababu folda yote ya tekscha, yaani picha zinazovishwa juu ya vitu, ilikuwa na uzito usiofika MB 300. Sikujua kwamba uzito wa faili kwenye diski si uzito wake ndani ya kadi. Chukua picha moja ya kitambaa cha godoro yenye pikseli 4096 kwa 4096. Kwenye diski, ikiwa JPEG, inaweza kuwa MB 3 tu, lakini ili itumike kurenda lazima ifunguliwe, na kila pikseli ikichukua baiti 4, picha hiyo inakuwa MB 64. Kitambaa kimoja huhitaji rangi, mng'ao, mikunjo na mwinuko, yaani picha nne kama hiyo, ambazo ni MB 256. Vitu ishirini vya namna hiyo vinakula GB 5 kabla hujahesabu poligoni, vile vipande vidogo vinavyounda umbo, za nakshi za mlango, nywele za zulia, na sehemu ambayo Windows na SketchUp zimekwisha kuikalia. Programu nyingi hupunguza ukubwa wa picha au huazima RAM kadi inapojaa, lakini yangu iliishia njiani kila mara.

Jumatano asubuhi nikaenda dukani nikiwa nimechanganyikiwa. Muuzaji alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia bila kusitasita kwamba kadi ya pili itamaliza tatizo, na kwamba nguvu ya umeme ndani ya kompyuta haitoshi, kwa hiyo ninunue na pawa saplai kubwa zaidi. Nilipompigia mwalimu wa video, alithibitisha maneno yale yale. Hadi leo nina kinyongo nao. Kutojua si kosa, lakini mtu anayeuza kadi kila siku, na mwingine anayelipwa ada ya kufundisha watu kurenda, walikuwa na wajibu wa kulijua jambo hili moja kabla ya kunishauri kutoa milioni 2. Usiku ule niliwasha kadi zote mbili, na ujumbe uleule ukarudi baada ya dakika ileile.

Alhamisi nilihamia V-Ray kwa leseni ya majaribio, nikaiweka itumie prosesa, ubongo wa kompyuta yenyewe, badala ya kadi, nikaongeza RAM kwa fedha ambayo haikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya kadi. Materiali za programu ya kwanza hazikuhama, nikazitengeneza upya kwa siku mbili. Picha ya kwanza ilichukua saa tisa, na saa nyingi kati ya hizo zilikwenda kwenye chandarua, kwa sababu kila mwale wa mwanga hupita matabaka mengi ya kitambaa kinachoonyesha upande wa pili. Ilitoka safi, bila chengachenga, ikiwa siku mbili nyuma ya ahadi. Mteja aliichukua hiyo moja, na vyumba vitano akampa mtu mwingine.

Kwa hiyo usiniulize programu ipi ni bora. V-Ray inakubali prosesa au kadi, na Cycles, sehemu ya Blender inayorenda, vilevile, tena Blender haina malipo. Enscape na D5 zinategemea kadi, na ni nzuri sana mteja anapotaka kutembezwa chumbani papo kwa papo. Corona inapendwa mno kwa vyumba vya ndani na inatumia prosesa, lakini inafanya kazi ndani ya programu nyingine za kuchora, 3ds Max na Cinema 4D, si SketchUp. Yote hayo hayana maana kabla hujachukua chumba chako kizito kuliko vyote, chenye chandarua, kioo, zulia na taa za usiku zote zikiwaka, ukakirenda kwenye kompyuta yako mwenyewe, kwa ukubwa uleule utakaomkabidhi mteja, mpaka picha ikamilike. Usisimamishe njiani kwa kuwa mwanzo unaonekana mzuri, wala usipunguze picha iwe nusu ili imalizike haraka. Leseni za majaribio zipo kwa ajili hiyo.

Leo usiku fungua Task Manager ya Windows, nenda ukurasa wa Performance, bofya jina la kadi, uache dirisha hilo wazi wakati chumba kinarenda. Utaona kumbukumbu ya kadi ikipanda. Iandike namba ya juu kabisa, andika na saa ilizochukua kila programu, kisha uziweke hapa kabla hujapanda daladala. Nitakuwa macho.