Uzi wa kioo unajuaje maji yamepungukiwa hewa?

SWALI: Mwalimu, pole na kazi. Nafuga samaki aina ya ngege katika vizimba vya ziwani hapa Masese, Jinja. Mwezi uliopita niliamka nikakuta wengi wanaelea, wamekufa. Mwenzangu anasema wafugaji wakubwa hupima hewa ya maji kwa uzi wa kioo kama ule wa intaneti. Kioo kinajuaje hewa? Na kipande cha faiba kilichoachwa barabarani kitanifaa? — Mfugaji, Masese

JIBU: Pole sana kwa hasara hiyo, ndugu yangu. Kioo chenyewe hakijui kitu. Kazi yake ni kupeleka mwanga na kuurudisha. Mjuzi ni rangi iliyopakwa kwenye ncha, nyingi zikiwa na madini ya ruteni au platini. Ukiimulika kwa mwanga wa buluu hung'aa wekundu kwa kitambo kidogo mno. Oksijeni, ndiyo hewa unayoiuliza, ikiigusa huinyang'anya nguvu, nao mng'ao huzimika mapema. Kwa hiyo mng'ao ukizimika upesi, hewa ipo tele, ukikawia, ogopa. Vifaa vizuri hupima muda wa mng'ao, si ukali wake, maana rangi ikichakaa ukali hupungua hata kama hewa haijabadilika.

Nilipokuwa msaidizi wa maabara tulitumia elektrodi ya utando, kifaa kinachopima oksijeni kwa umeme. Ile hula oksijeni inapopima, kwa hiyo nilikuwa naitikisa majini bila kupumzika. Siku moja mkono ulichoka, namba ikashuka, nikaiandika hivyo hivyo, na mfugaji akawanyima samaki chakula bure. Hadi leo inaniuma. Rangi haili oksijeni. Unaitumbukiza na kusubiri.

Kipande cha barabarani kiache. Hakina rangi, njia yake ya mwanga kwa kawaida ina upana wa mikroni 9 hivi (sehemu tisa za elfu za milimita), na vigae vyake huchoma ngozi.

Ukipata kifaa, pima saa 11 alfajiri. Usiku mwani hautoi oksijeni, huitumia, na upepo ukipindua maji ya chini ya ziwa, yale yasiyo na hewa hupanda hadi vizimbani. Ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, usiwalishe kwanza. Ncha ifute kwa kitambaa laini. Ukiona namba haibadiliki usiku na mchana, ute umeifunika. Na ishushe katikati ya kizimba, walipo samaki, si pembeni ambako maji hupita bila kizuizi.